Firigisi Isiyo na Kuku

Jumatatu, tarehe 17 mwezi wa tatu, 2025

Sasa hivi Mbelu ameingia ndani ya beseni ya uyoga. Amekaa. Anacheka. Matako yake yamejaza beseni yote. Sikumupiga, mutoto wa mwaka moja na nusu unamupiga wapi? Nimemutoa, nimemupanguza, nimenusa uyoga. Hauna neno. Mayi ya kwanza ya kuuchemsha humwagwa hata hivyo.

Uyoga ni wa majaribio. Kesho mama mukwe anafika hapa Kindu na treni kutoka Kamina. Jina lake Mbelu, na mutoto wangu amepewa jina lile. Kwa desturi yao Wakasai, mutoto ni majina yake, yaani somo wake, ana haki juu yake. Ametuma habari kwa bwana yangu Ngeleka: anakuja kuangalia kama majina yake anakula vizuri. Kama hali vizuri, atamubeba na kumulea Kamina. Ngeleka anasema mama anatisha tu. Mutoto wa kwanza wa dada yake Ngeleka alibebwa na mama anayetisha tu.

Na ni Kwaresima! Nani anapokea mama mukwe mara ya kwanza bila nyama? Huyu hata samaki hali. Wakati wa vita, Kindu ilipofungwa pande zote, Ngeleka alikuwa mutoto mudogo, njaa na homa vikamushika pamoja. Mama akaahidi Mungu: mwanangu akipona, Kwaresima zote za maisha yangu sitatia kinywani kitu chenye damu. Ngeleka alipona. Leo ana tumbo.

Maharagi hakuna. Barabara ya Bukavu imekufa tena kwa vita, na maharagi yalikuwa yanatoka kule. Nikawaza viwavi vikavu. Nikamuuliza katekista Ferdinand kama kiwavi ni nyama. Alifikiri sana. Akajibu kwamba kila kitu kinachokuangalia kabla hujakipika ni nyama. Basi, viwavi navyo vimekwenda.

Ngeleka anasema: Victorine, pika sombe. Sombe! Majani ya muhogo tunakula kila siku.

Ijumaa nimealika pia wamama wa shirika letu la kanisa, baada ya Njia ya Musalaba, waone. Odile wa jirani, prezidenti wetu, aliniuliza kama nitaweza. Aliuliza kwa upole, mukono kwenye bega langu. Sipendi ule upole.

Jumanne, 18

Koko amefika. Mutoto njo alianza kumwita mama mukwe Koko, yaani bibi, sasa wote tunamwita hivyo. Ni mufupi kuliko sauti yake.

Nilipiga magoti, nikamupa mayi ya kunawa. Yeye akamubeba Mbelu, akamupima kwa mukono, akabonyeza mapaja, akaangalia meno. Akasema mapaja si mabaya. Alisema kama muntu anayechagua ndizi sokoni.

Ngeleka akaleta jogoo, mweusi, mukubwa, mwenye hasira. Njo heshima: mugeni anaonyeshwa kuku muzima, halafu firigisi yake inawekwa kwenye sahani ya mugeni peke yake. Koko alimushika, akapuliza manyoya, akasema angoje Pasaka. Halafu akapumua. Akasema: Nimefika kwa mutoto wangu, na sina firigisi.

Jamani! Hapo hapo akili yangu ikafunguka kama mulango. Nitamupa firigisi! Firigisi ya uyoga! Heshima yote, damu hakuna. Mama wa namna hiyo, nani atamunyang'anya mutoto?

Jumatano, 19

Majaribio. Mimi ni muntu wa Pangi, kule porini, uyoga ninaujua tangu mugongoni mwa mama. Nimechukua ule mukubwa wa kichuguu, shina lake nene. Unalichemsha kidogo na chumvi, unalikunja, unalifunga na uzi wa majani ya muwale, unaliweka juu ya moshi mpaka likaze. Halafu mawese, kitunguu, pilipili, karanga ya kusaga.

Ya kwanza ilifanana na sikio. Ya pili na kiatu. Ya tatu ni firigisi kabisa! Nilimuonyesha Ngeleka. Akauliza mafigo ya nani. Akasema tena sombe.

Nimeongeza siri moja. Firigisi ya kweli, hata uioshe vipi, inabaki na muchanga kidogo kwenye meno. Nimetia muchanga safi wa muto Lualaba. Kidogo tu. Muntu lazima aamini.

Mbelu amefungua kamba ya jogoo. Tumemukimbiza mpaka kwa Odile. Odile akasema kwangu wanyama na watoto wanaishi kwa uhuru.

Alhamisi, 20

Jogoo amekula uyoga uliokuwa kwenye muchekeche! Nusu yote! Nimekwenda tena kutafuta, Mbelu mugongoni ndani ya kikwembe, jua kichwani.

Jogoo hawezi kukaa hapa na uyoga. Nimemufunga ndani ya kikapu, nimemupa Franck wa pikipiki avuke naye ng'ambo, amuachie rafiki yangu Falone. Falone amezaa juzi, yuko nyumbani muchana wote, atamulinda vizuri. Koko alikuwa amelala. Sikumuambia muntu.

Odile alikuja kuomba chumvi. Alikuwa na chumvi nyingine mukononi. Macho yake yote jikoni. Nilisimama mbele ya sufuria kama askari.

Nitapika pia mbika, mbegu za maboga: unazisaga, unazifunga ndani ya majani, unachemsha. Na ndizi za kukaanga. Na bugali. Na sombe, Ngeleka asilie.

Ijumaa, 21

Ole wangu.

Yalianza vizuri. Wamama walijaa hadi nje. Mbika zilisifiwa. Odile alikula mara mbili, akasema chumvi imepungua, akala mara ya tatu. Hapo nikaleta sahani ndogo iliyofunikwa, nikapiga magoti mbele ya Koko. Nilikuwa nimepanga: aonje, ashangae, halafu ndipo niseme ni uyoga. Kwa nini sikusema mbele? Kwa sababu nani anashangaa uyoga?

Koko alifunua. Akacheka kidogo, akasema: wewe binti, umetengeneza nini hapa. Akatia kinywani. Nikasikia muchanga: kru.

Akaacha kutafuna. Nusu akaitema mukononi. Nusu ilikuwa imekwisha kushuka. Akasema polepole kwamba hii ni firigisi.

Nikapiga kelele ni uyoga, ni uyoga! Odile akainuka, anapanguza mukono. Akaniuliza kwa upole wake: Na jogoo iko wapi, mama Mbelu? Tangu jana hatumusikii.

Wamama wote wakaangalia kamba. Kamba haina jogoo. Nikasema iko ng'ambo, anatembea. Mama moja akasema, ee, anatembea ndani ya matumbo. Wakacheka. Koko hakucheka. Alikuwa anamuangalia Ngeleka, mukubwa vile, na ndevu zake, kama vile homa inamurudia mbele ya macho yake. Akalia bila sauti. Sijapata kuona kitu kibaya kama kile kilio.

Akasema nyumba inayochezea ahadi yake haiwezi kulea jina lake. Jumatatu anarudi na treni, na majina yake anakwenda naye. Ngeleka alimubembeleza. Bure tu.

Mbelu amelala na mukono wake ndani ya nywele zangu. Siutoi.

Jumamosi, 22

Asubuhi Franck alivuka kumuleta jogoo, awe shahidi. Amerudi na kikapu chepesi. Falone anasema aksanti sana! Na mimi njo mujinga. Kuku akipelekwa kwa mama aliyezaa juzi, anakwenda kukaa? Anakwenda kwenye muchuzi, maziwa yatoke! Na Falone anasali kanisa la uamsho, Kwaresima haijui. Kwa adabu yake ameturudishia firigisi, imepikwa, imefungwa ndani ya jani, ya Ngeleka.

Yaani sasa nina firigisi ya kweli nyumbani. Leo! Nimeificha chini ya mukeka.

Lakini sikukata tamaa. Papa Rémy, bwana yake Odile, ana jogoo mweupe. Nimemuazima kwa siri. Nimemupaka masizi ya sufuria mwili wote. Kwa mbali alikuwa yule yule! Nikamupeleka kwa Koko, nikasema muone, muzima. Koko akamushika, akapuliza manyoya kama siku ile. Masizi yakamurukia usoni. Jogoo akapiga mabawa juu ya kikwembe chake cha kanisani. Odile akatokea kwenye ua, akapiga kelele kwamba yule ni jogoo wake na amepata ugonjwa.

Koko alianza kufunga mizigo na uso mweusi.

Jumapili, 23

Misa. Koko hakukaa karibu nami. Hakupokea komunyo. Ile ilinichoma kuliko maneno.

Tuliporudi alimuita Odile awe shahidi, akanikemea mbele yake. Mimi kichwa chini. Katikati ya maneno, Mbelu akaja anayumba, kitu mukononi. Kila anachookota anamupelekea Koko: kijiti, kijiko, jongoo. Leo alikuwa ameokota chini ya mukeka. Akamuwekea Koko kwenye magoti jani la Falone.

Koko akafungua. Firigisi. Odile akasema: Yesu, nyingine tena!

Nilifunga macho. Nikasema yote, Falone, Franck, kikapu, muchanga, masizi, bila kupumua. Nilipofungua macho Koko alikuwa anadai ile ya Ijumaa iliyobaki sufuriani. Nikaleta. Akaziweka pamoja. Akaomba kisu.

Akakata ya Falone: ngumu, nyekundu ndani, ngozi yake ya kweli. Akakata yangu: nyuzi nyeupe, nyeupe tupu, na uzi wa muwale katikati. Akanusa. Akatafuna kipande, macho amefunga. Muchanga ukalia. Akatafuna tena.

Akasema wakati wa vita walikimbilia porini, yeye na Ngeleka mugongoni. Mama moja wa Pangi, hata jina lake hajui, aliwapa uyoga kwenye jani kila siku mpaka homa ikapungua. Uyoga huu huu. Aliula mpaka akauchukia. Akasema: Ijumaa ulimi wangu ulijua. Muchanga wako njo ulinidanganya, wewe muchawi!

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka machozi, mpaka Mbelu naye akacheka bila kujua. Akasema alimulilia Mungu siku mbili kwa sababu ya uyoga. Akasema mutoto haendi popote. Mapaja yale hayakutoka hewani. Ila yeye mwenyewe anabaki hapa mpaka Pasaka, na Ijumaa zote anataka firigisi. Bila muchanga! Akarudia: Bila muchanga, Victorine! Nikaapa.

Firigisi ya Falone alikula Ngeleka nyuma ya nyumba. Dhambi ni yake.

Odile alisema alijua ni uyoga tangu mwanzo. Koko akamutuma kuni.

Jumatatu, 24

Treni imeondoka bila muntu wetu. Mbelu amelala kwenye magoti ya majina yake, kinywa wazi. Niliwaangalia mpaka sombe ikaanza kuungua.

Nimejifunza. Muchanga haufai. Ulikuwa wazo la haraka haraka.

Nimewaza Ijumaa Kuu. Shirika lote litakuja, na katekista Ferdinand. Firigisi wamekwisha kuizoea. Nitawapikia paja la mbuzi! Ndizi mbichi za kuponda na mbika, zimekazwa juu ya moshi. Fimbo ya mupera katikati njo mufupa. Uyoga juu, unakuwa ngozi. Sura yote ya mbuzi, damu hakuna! Ila paja tupu watu hawataamini. Papa Rémy ana mbuzi, na leo nimemuona Odile amemufunga karibu na ua wetu. Nimekwisha kukata manyoya machache tu, manne matano. Nikiyabandika kwa mawese pale chini karibu na kwato, Koko hawezi hata kidogo ku

Ananiita. Anauliza kwa nini mbuzi wa Odile analia na mukasi wangu uko chini ya miguu yake.