Sauti Chini ya Kitanda cha Shaba

Jumatatu, 3 Juni

Manyunyu tangu alfajiri. Jua limechungulia kidogo, likaghairi. Mwavuli wangu umevunjika ubavu, kwa hiyo nimefika kazini nimelowa bega moja tu.

Habari kubwa! Jumba letu la makumbusho lina mzimu. Si uvumi tena. Mkuu wa jumba ametuita wafanyakazi wote ofisini kwake. Wote maana yake mimi wa kaunta ya mizigo, mkata tiketi, na mfagiaji, mzee ambaye kila mtu humwita Mjomba ingawa hana mpwa hapa. Mkuu akasema kuna sauti ya mwanamke inayosikika ghorofani, katika Chumba cha Kulala cha Zamani. Inatoka chini ya kitanda cha shaba. Inaongea, inacheka, inanyamaza, kisha inajijibu kwa sauti nzito. Kila mara ni wakati wa chakula cha mchana. Wiki iliyopita mwalimu aliyeleta wanafunzi aliisikia, akashuka ngazi akiwatangulia wanafunzi wake wote. Shule nyingine mbili zimeahirisha ziara.

Hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, akasema, ghorofa itafungwa. Na ghorofa ikifungwa, hao wageni wachache watakaobaki wanaweza kuzunguka na mabegi yao mkononi. Hakunitazama aliposema hivyo. Alitazama mwavuli wangu.

Kaunta yangu! Miaka yote hii napokea mabegi, nagawa vibati vya namba, narudisha mabegi. Hakuna begi lililowahi kupotea. Wageni wanane kati ya kumi huniambia asante. Watu wengine hawaambiwi asante mwezi mzima.

Mkata tiketi akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika hadi barabarani, kwamba huyo mzimu angalau ana mtu wa kuongea naye. Mjomba akakohoa kuficha kicheko. Mimi nikasimama nikatangaza kwamba mzimu nitaukamata mwenyewe. Mkuu akasema vizuri, dada wa mizigo, ila usiguse maonyesho.

Mchana nikashuka stoo ya chini kula na Karani, kama kawaida. Karani ni sanamu la plasta. Zamani alikuwa kwenye maonyesho ya ofisi ya kale, akavunjika mkono, akashushwa huku. Ana koti, fremu ya miwani isiyo na vioo, na uso wa mtu anayekusikiliza. Nikamweleza mpango wote. Nikacheka sana nilipofikiria mkata tiketi atakavyonywea. Karani hakupinga.

Jumanne, 4 Juni

Mawingu, hakuna mvua.

Mzimu umesikika tena jana mchana! Mjomba alikuwa anapiga deki ghorofani. Anasema ulicheka kicheko cha mtu anayemsimanga mwenzake, naye akaacha ndoo na kukimbia. Mimi wakati huo nilikuwa stoo na sikusikia lolote. Ushahidi muhimu: sauti haishuki chini.

Mbinu ya kwanza. Nimemwaga poda ya mtoto kuzunguka kitanda cha shaba, nyembamba, kitaalamu, ili kupata nyayo. Nyayo zimepatikana. Ni za mkuu. Alikuwa anamwonyesha mgeni wa heshima nakshi za kitanda, akatoka na suruali nyeusi iliyo nyeupe hadi magotini. Nikaitwa. Akasema si alikwisha nikataza kugusa maonyesho? Nikamjibu kwamba poda si onyesho. Mkata tiketi alikuwa nje ya mlango. Alinisubiri nipite, akaniuliza kama nimeshamwogesha mtoto.

Jumatano, 5 Juni

Jua kali. Bega limekauka.

Mbinu ya pili. Wakati wa chakula sikwenda stoo. Nikalala chini ya kitanda chenyewe, juu ya ule wavu wa chuma uliopo sakafuni, na njaa yangu. Karani amekula peke yake leo, yaani hakula.

Kimya kabisa! Wala mnong'ono. Hitimisho liko wazi: mzimu unaniogopa.

Ningetoka na ushindi wangu kama wasingeingia mume na mke. Mke akasifu godoro. Mume akasema yeye hawezi kulala kwenye kitu kinachong'aa hivyo. Vumbi likanipanda puani. Nilijizuia, nilijizuia, nikapiga chafya ambayo nadhani ilitikisa mbao. Mume alifika getini kabla mke hajamaliza kupiga yowe. Begi lao wameliacha kwenye kaunta.

Mkuu ameandikisha tukio jipya: mzimu una mafua.

Alhamisi, 6 Juni

Upepo. Makaratasi yanaruka uani.

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Ni mkata tiketi! Kibanda chake ni chembamba, kaunta yangu ni pana na ina feni. Halafu anajua kugeuza sauti. Huwaiga wote, hata mkuu akiwa kwenye simu. Nani atanufaika nikiondolewa?

Mchana nikamfuata. Akaenda baraza ya nyuma. Mjomba alikuwa hapo na bakuli lake. Wakala, wakacheka. Pembeni yao kulikuwa na stuli ya tatu, tupu, imefutwa vumbi na kutandikwa kitambaa kilichokunjwa. Mshirika wao! Nikajibana nyuma ya mlango kumsubiri ajitokeze.

Hakuja mtu. Mjomba alieleza goti lake linavyomtabiria mvua. Mkata tiketi akamwambia goti hilo limedanganya wiki nzima, alipeleke likafunguliwe. Mjomba akamwambia angoje, na yeye atazeeka tu, kucha hizo zitakuwa za kukwangulia sufuria. Wakabishana kuhusu taa ya ukumbi wa tatu, nani aliivunja. Wote wawili wamekosea. Ilianguka yenyewe, mimi nilikuwepo. Nilishika kitasa nikawaambie. Sikutoka. Upelelezi ni upelelezi. Nikasimama hadi miguu ikafa ganzi, wakamaliza, wakakung'uta makombo, Mjomba akaiingiza stuli ya tatu ndani ili isichukuliwe na mvua ya goti lake.

Na mzimu? Kimya tena! Nikimchunga mkata tiketi, mzimu hauneni. Ushahidi umekamilika.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua kubwa. Goti la Mjomba limetakasika.

Asubuhi nimemshtaki mkata tiketi mbele ya mkuu. Yeye mwenyewe akaitwa. Hakukasirika, na hilo limeniudhi zaidi. Aliniangalia tu, akaniuliza dada, umekula lakini? Nikasema hayo hayamhusu. Nikapendekeza jaribio, na nalinukuu hapa kwa sababu ni kazi ya akili yangu: wakati wa chakula wao wawili pamoja na Mjomba wasimame karibu na kitanda cha shaba, mkata tiketi afumbwe mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Mimi, kwa kuwa mzimu unaniogopa, nikae mbali, stoo. Mkata tiketi akifumba mdomo, mzimu utafumba mdomo. Mkuu akasema haya, tumalize.

Nikashuka. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimwambia Karani kila kitu kwa mpigo. Kwamba leo yule mwanamke wa tiketi atajua mimi ni nani. Kwamba kucha zake ni ndefu kama za mtu asiyefua. Karani akauliza (huwa namsaidia, kwa sauti nzito) itakuwaje kama nitashindwa. Nikamwambia nikiipoteza kaunta sijui nani atanisemesha asubuhi. Nikamwambia kwamba Jumapili huwa nafungua mlango na kuufunga tena kwa kishindo, majirani wadhani nimetembelewa. Karani akasema hiyo ni mbinu nzuri. Tukacheka.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mjomba, kofia mkononi. Nyuma yake mkata tiketi. Hakuwa anacheka.

Mjomba akaninyooshea bomba la hewa juu ya kichwa cha Karani. Miaka yote nimeliona, nikadhani ni la maji. Linapanda ukutani hadi kwenye ule wavu chini ya kitanda cha shaba. Akasema taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini, mwanangu, ni wewe.

Wamesikia yote. Kishindo cha mlango. Kucha.

Mkata tiketi akasema kumbe ni wewe, dada yangu, na sisi tunakimbia. Halafu akaniambia ile stuli baraza ya nyuma ni yangu. Waliiweka mwaka nilioanza kazi. Wakaniita, nikasema nina kazi. Wakaniita tena, nikasema nina kazi. Wakachoka kuita lakini hawakuchoka kuiweka.

Nilisema nilikuwa nalipima bomba. Nikapanda juu nikagawe vibati. Hakukuwa na mgeni.

Jumapili, 9 Juni

Sijui hali ya hewa. Sikufungua dirisha.

Dada yangu mkubwa amepiga simu. Akaniuliza habari za kazini. Nikamwambia kesi nimeitatua. Akauliza mhalifu alikuwa nani. Nikasema mtu wa ndani. Akasema siku zote huwa ni mtu wa ndani, kisha watoto wake wakaanza kupigana, akakata.

Jumatatu, 10 Juni

Jua la upole.

Mchana nimekwenda baraza ya nyuma. Nimekaa kwenye stuli. Ina mguu mmoja mfupi, ukijua namna ya kuegemea haina tatizo. Mkata tiketi akanigawia nusu ya yai lake bila kuniuliza. Nilitaka kumwomba radhi kwa habari ya kucha. Akanitangulia, akaninyooshea vidole, akaniambia tazama, nimefua jana. Mjomba akaeleza goti. Nilicheka palipotakiwa kucheka na mara moja pasipotakiwa. Mkata tiketi akasema kicheko changu ana kwa ana ni kidogo kuliko cha kwenye bomba. Mjomba akamwambia aniache, kitakua.

Nusu saa hiyo ilipita kama dakika mbili. Nimeandika hivyo ingawa si sahihi kitaalamu.

Jioni mkuu akaniita. Yule mwalimu aliyekimbia amepiga simu: wanafunzi hawamwachi alale, wanataka warudi waje kuusikia mzimu. Shule nyingine tatu pia! Mkuu alikuwa anazunguka meza kwa furaha. Kaunta yangu haiguswi. Ila, akasema, sauti itahitajika kila siku ya kazi, wakati wa chakula. Ana redio ya kaseti. Nirekodi siku moja tu, iwekwe pale stoo, mimi niende kula na wenzangu. Au kama napenda, niseme mwenyewe. Uamuzi ni wangu.

Kanda! Kanda haina roho. Kanda haijui chumba kimejaa au kitupu. Nimemwambia nitasema mwenyewe, kila siku. Akanishika mkono. Akaniita msanii.

Jumanne, 11 Juni

Mawingu mepesi, joto.

Nimempasha habari mkata tiketi. Akauliza kwa nini nisirekodi, hata yeye angenisaidia kucheka. Nikamweleza kuhusu roho. Akasema sawa, dada, lakini stuli itakaa pale pale. Nikamshauri aiingize ndani, italowa bure. Akasema basi ilowe.

Mchana wamekuja wanafunzi arobaini. Nilisikia viatu vyao juu, kisha viatu vikatulia. Nikamweleza Karani kuhusu nusu ya yai, goti la Mjomba na jua la jana. Sijawahi kusikilizwa na watu wengi hivyo! Walipiga kelele za furaha nilipojijibu. Baadaye viatu vikaondoka. Nikawaaga kupitia bomba. Chumba kilikuwa kimeshabaki na kitanda tu.

Kupitia uani, kwenye dirisha dogo la stoo, vicheko vya baraza vilifika kidogo. Nadhani walikuwa wanazungumzia ile taa. Bado wamekosea.

Tatizo la leo ni moja tu: Karani peke yake hatoshi, mazungumzo yanapwaya. Nimeona ukumbi wa tatu kuna sanamu la mwanamke lililopasuka kisogo. Kesho nitamwomba mkuu alishushe stoo. Tutakuwa watatu mezani.

Funzo la wiki: mpelelezi wa kweli hufanya kazi peke yake.

Nimefanya mazoezi ya kucheka mbele ya kioo. Jirani amegonga ukuta. Nimemshukuru kwa sauti. Usingizi umeanza kunijia saa saba kasoro robo usiku.