Sumaku Niliyokwenda Nayo Ukweni

Jamani, nimejiaibisha leo hadi masikio bado yanawaka moto.

Iko hivi. Mwende, mchumba wangu, amenipeleka kwao karibu na Dagoretti Corner. Babake alitaka kuniona kabla ya kusema kama wazee wetu waje kuposa ama wasije. Mamake ananipenda, yeye ndiye amekuwa akinitetea siku zote. Babake? Mwende alinionya mapema: "Baba haongei na wageni. Lakini muulize kuhusu baiskeli yake, hatanyamaza."

Baiskeli! Mimi! (Kwa wale wasiojua, mimi ni mgonjwa wa fremu za zamani. Kazini Westlands wameshanichoka.) Nikatia sumaku yangu mfukoni, roho kwatu.

Kweli, Mzee alinisalimia kama mtu anayesoma notisi. Nilipotaja baiskeli tu, uso ukafunguka. Akaileta hadi sebuleni! Nyeusi, inang'aa, ina mistari ya dhahabu.

"Nilinunua kabla sijaoa," akasema. "Haijaanguka hata siku moja. Rangi ni ile ya kiwandani."

Nikapiga magoti. Nikagonga bomba la juu kwa kucha. Ting! "Sikia inavyolia, Mzee. Hiki ni chuma chembamba, cha hali ya juu." Nikaomba spana, nikachomoa kiti, nikachungulia ndani. "Na haina mshono. Mabomba ya bei rahisi huwa na mshono."

Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Mwende, huyu kijana ana akili."

Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo! Chai ilikuwa mezani! Lakini wapi, nikagonga bomba la chini. Tuk. Kama kugonga mkate.

"Mzee, hapa kuna kitu." Nikatoa sumaku. Bomba la juu, ikanata. Bomba la chini, ikaanguka sakafuni. Nikarudia. Ikaanguka tena. "Chini ya rangi hapa ni puti, ule udongo wa kuzibia mashimo. Hii iligongwa, ikachomelewa, ikapakwa rangi upya."

"Haiwezekani."

(Mtu mzima angesema samahani, sumaku imezeeka.) Mimi nikachukua ufunguo, nikakwaruza kidogo. Kipande kizima cha puti kikabanduka, kikatua kwenye sahani ya mandazi! Chini yake, chuma kimechomelewa matuta matuta.

Mzee akainama, akaligusa lile kovu.

"Hii baiskeli hatujawahi kumpa mtu," Mzee akasema polepole. "Ni mimi tu, na..." Akageuza shingo.

Mama akaweka birika chini. "Ilikuwa ng'ombe."

"Ng'ombe?!"

"Wa kichinjioni. Alikata kamba akaingia barabarani. Ulikuwa umeenda Kitui kwa mazishi, na mimi nilikuwa najifunza kuendesha. Fundi akairekebisha kabla hujarudi."

"Lini hiyo?"

"Mwende alikuwa tumboni."

"Mum!" Mwende akapiga kelele, ameshika mashavu.

Mzee alikuwa ameachama mdomo. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mtetezi wangu pekee, nimemchoma mbele ya mumewe! Nikaona niokoe jahazi haraka. "Lakini kwingine kote ni safi kabisa, angalieni!" Nikapeleka sumaku kwenye bomba la nyuma, karibu na gurudumu.

Ikaanguka.

Sote tukamwangalia Mama.

"Hapo si mimi," akasema.

Mzee akakohoa. Akaangalia dari.

"Baba Mwende?"

"Ni mtaro tu."

"Ukitoka wapi?"

"Mkutano wa kanisa."

"Mkutano gani wa kanisa unatupa mtu mzima mtaroni?"

Halafu, kama waliopatana, wote wawili wakanigeukia mimi. Mama, yule anayenipenda, akauliza, "Na wewe, nani anakuja ukweni na sumaku?"

"Kijana," Mzee akaongeza, "hebu ngoja nje."

Nikatoka. Nikasimama kando ya geti nikisikiliza sauti zikipanda. Mara zikakatika. Halafu nikasikia kicheko! Mama anacheka, Mzee anacheka hadi anakohoa. Mwende akatoka akifuta machozi.

"Baba amekubali. Wazee wenu waje."

"Asante Mungu!"

"Lakini anasema wewe siku hiyo ubaki nyumbani."

Sasa wenzangu, badala ya kucheka, niambieni: nani hapa ana uso wa heshima, usiojua chochote kuhusu baiskeli, aende na wazee akaniposee badala yangu?