Mseto, Nusu kwa Nusu

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Mama watoto kasimama mlangoni mwa saluni yangu, tumbo limetangulia, yeye anafuata. Katangaza mbele ya wateja kwamba mara hii haendi kuzaa kwa gari la magodoro. Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Nakumbuka. Mtoto wetu wa pili alizaliwa getini mwa hospitali, juu ya godoro jipya la mtu. Muuguzi alinipa mkasi nimshikie. Nikapumzika kidogo chini. (Watu wanasema nilizimia. Watu wanasema mengi.)

Zimebaki wiki tatu. Anataka gari la familia, aina ya jipu dogo, kiti cha nyuma cha kunyoosha miguu, lisiloruka kwenye mashimo. Kaka yake, dereva wa basi la shule, kajitolea kulichagua. Nikasema hapana! Mimi kinyozi nimenyoa mainjinia, marubani, nahodha mmoja mstaafu. Miaka kumi na tisa elimu inapita mikononi mwangu!

Mama watoto akasema haya, chagua wewe, lakini nikikwama njiani tena utanitambua.

Baina yetu, shajara: ninachojua kuhusu injini ni kwamba iko mbele. Nimeiwaza mpaka nimemwondolea mteja nyusi moja. Nimemwambia ndiyo mtindo wa sasa ughaibuni. Kaniomba nitoe na ya pili.

Jumanne, 7 Mei

Duka la magari. Sakafu inang'aa mpaka unaona aibu zako. Muuzaji, viatu vyembamba kama ulimi wake, akasema jipu hili linakuja na injini za aina nne: petroli, dizeli, mseto na umeme. Tunapendelea ipi? Nikakunja uso kama daktari. Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema inategemea mambo.

Mama watoto kapanda kiti cha nyuma, kavua viatu, kanyoosha miguu, kafumba macho. Akasema hapa hata pacha watatu wangezaliwa. Jasho likanitoka hadi magotini.

Muuzaji akashauri mseto. Hapo hapo simu yake ikalia, akatoka. Mama watoto akafungua jicho moja akaniuliza: baba watoto, mseto ndiyo nini hasa?

Ningeweza kusubiri muuzaji arudi. Dakika mbili tu! Lakini neno si linajieleza lenyewe? Mseto ni mchanganyiko. Nikasema mke wangu, ni petroli na dizeli kwenye tenki moja, nusu kwa nusu. Petroli inakimbia, dizeli inavuta. Kama mume na mke.

Akanitazama vile alivyonitazama siku ya harusi kabla sijakanyaga shela. Nikaogopa zaidi. Mtu akikuamini, huna pa kujificha.

Jumatano, 8 Mei

Saluni. Nimewaelimisha wateja saba kuhusu mseto. Wa nane, mwalimu wa fizikia, akasema kwa upole anadhani mambo ya umeme yanaingia hapo. Nilikuwa na wembe shingoni mwake. Hakuendelea.

Lakini neno lake limeniingia kama mwiba wa samaki. Alasiri shemeji kaja kunyolewa, na basi lake kaliegesha nje. Nikamzungukia kwa akili. Nikasema shemeji, watu wengine bwana, hata mseto hawaujui! Akaniuliza, wewe unaujua? Nikamjibu: unaiuliza mvua kama inajua kulowesha?

Akasema sawa, basi. Akatabasamu kwenye kioo. Silipendi tabasamu lile. Lina leseni zote.

Alhamisi, 9 Mei

Muuzaji katuachia gari la majaribio, mseto, mpaka kesho jioni. Sharti moja: lirudi na tenki limejaa kama lilivyotoka.

Mtaa mzima umetoka kuangalia. Nikaingia kwa madaha, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya! Nikabonyeza tena. Kimya. Mtaa mzima macho kwangu. Nikashuka, nikafungua boneti, nikatazama ndani kwa uso wa mtu aliyewahi kutazama ndani. Nikagusa kitu. Nikatikisa kichwa. Jirani akauliza ni nini. Nikamwambia plagi.

Kumbe nilipobonyeza mara ya kwanza liliwaka, nilipobonyeza mara ya pili nikalizima. Haliungurumi! Gari gani hili, linakuja kama mama mkwe asiyepiga hodi?

Nimemzungusha mama watoto mjini, yeye kaketi nyuma, kasinzia. Anasema mgongo haukumuuma kwa mara ya kwanza tangu mimba ifike miezi mitano. Nimefurahi mpaka nimeogopa. Naogopa siku yenyewe. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 10 Mei

Kidole cha pete kimevimba. Naandika hivi hivi.

Saa sita mchana nikaenda kujaza mafuta. Ndani ya kifuniko cha tenki pameandikwa PETROLI TU. Nikajua wamekosa nafasi ya kuandika lile lingine. Nikamwambia dada wa pampu: petroli nusu, dizeli nusu. Akasema kaka, chagua moja. Nikamwelimisha. Akamwita mwenzake amsaidie kunishangaa. Pua ya bomba la dizeli ikakataa kuingia kwenye tundu, nene mno. Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Mimi nikanunua dizeli kwenye dumu, na faneli, nikaenda kumimina nyumbani kwa mkono wangu. Risiti nimepewa. Chini yake dada kaandika kwa kalamu: mteja ameonywa.

Ndiyo kwanza nimefunga kifuniko, mama watoto akanipigia simu kutoka chumbani. Chupa imepasuka, akasema. Nikamwambia afagie, asije akakanyaga vigae. Akasema si chupa hiyo. Nikaelewa.

Wiki tatu kabla!

Nikambeba, nikambwaga kiti cha nyuma, nikabonyeza mara moja tu. Likateleza kimya kama sala. Nikasema unaona, mke wangu? Tukafika kwenye mzunguko wa barabara kubwa. Hapo injini ikaamka. Ikakohoa. Ikatoa moshi mweupe, mwingi, kama wa mganga. Ikazima. Katikati ya mzunguko!

Magari yanatuzunguka yakipiga honi. Mama watoto kaushika mkono wangu mpaka pete imepinda. Hakunitukana. Hilo ndilo lililonitisha. Kasema tu, polepole: baba watoto, anakuja. Nikasoma kila dua ninayoijua, hata ile ya kabla ya kula. Nikampigia shemeji.

Kaja na basi la shule, limejaa watoto wanaorudi nyumbani. Tukampakia dada yake kiti kirefu cha nyuma. Shemeji akaniambia nihesabu sekunde kati ya uchungu na uchungu. Nikafika nne, nikapotea. Basi wakahesabu watoto, basi zima, kwa pamoja, kama jedwali la kuzidisha. Wakifika tisini mama watoto anapiga kelele, nao wanaanza moja upya. Mmoja aliuliza kama haya yatakuja kwenye mtihani.

Tumefika. Safari hii hadi ndani, kitandani. Ni msichana. Mdogo, ana sauti kubwa. Wote wazima. Sikuzimia! Niliketi chini kwa hiari yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Shemeji kanivuta pembeni ukumbini. Kaona dumu na faneli kwenye buti. Akanieleza kwa sauti ya chini: mseto ni petroli na umeme, shemeji. Petroli. Na umeme. Nikamwambia ile dizeli ilikuwa fumbo. Hakucheka. Akasema hatamwambia dada yake, nimwambie mwenyewe.

Afadhali angenitangaza.

Fundi kaondoa mafuta yote, kaosha tenki, kasafisha injini. Muuzaji nimekubaliana naye: nitawanyoa wafanyakazi wake wote mpaka atakaposahau, na hana sura ya kusahau.

Kisha nikaenda wodini. Nikamweleza mama watoto kila kitu, dumu na faneli, hata onyo la risiti. Ilikuwa ngumu kuliko siku ya posa. Akanisikiliza, mtoto kifuani. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia nyuzi. Halafu akafuta machozi, akaniambia niliogopa, baba watoto, niliogopa sana mle ndani, na ungesema tu hujui tungemuuliza muuzaji.

Gari kalichagua mwenyewe. Lile lile. Kwa ajili ya kiti.

Nimeapa: kuanzia leo nisichokijua nitasema sijui. Nimeandika hapa kwa wino.

Jumapili, 12 Mei

Nimewaleta nyumbani. Hospitali iko mlimani, nilipoegesha nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, kwa usalama wa familia. Mama watoto nyuma na binti, mito miwili. Nikaondoka kwa utaratibu. Gari zito kidogo. Nikajiambia ni sawa, sasa tumeongezeka.

Taa nyekundu imewaka mbele yangu. Duara, ndani yake alama ya mshangao. Mama watoto akachungulia akauliza inamaanisha nini. Moyo wangu ukaanza kukimbia kuliko gari. Jibu nilikuwa nalo. Neno moja, herufi tano.

Nikamwambia gari linashangaa uzuri wa mtoto.

Tukashuka mlima. Baada ya muda akauliza, na hii harufu ya kuungua?

Nikasema mke wangu, hujawahi kumiliki gari jipya. Ndivyo yanavyonukia.