Mama Mkwe, Daktari na Goti Lililolia

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu. Tena mbele ya mama mkwe!

Mama kashuka juzi kutoka Kinole, magoti yamevimba. Ngazi tatu za mlangoni kwangu anazishuka kinyumenyume. Mke wangu kaenda Dumila kufuata vitunguu, asubuhi akanipigia: "Mpeleke mama hospitali. Na ole wako arudi na panado tu!" Nikavaa suruali yangu ya harusi, nionekane mkwe wa maana. (Harusi ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kilo hesabuni wenyewe.)

Daktari ni binti mdogo, mpole.

"Shikamoo mama. Unaumwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo."

Sijambo! Mtu aliyetoka kwangu anashikilia ukuta!

"Magoti yanauma?"

"Aa, uzee tu. Alhamdulillah."

"Ukiyapima maumivu, sifuri mpaka kumi, unayapa ngapi?"

Mama akajitanda kitenge vizuri, akaangalia ukutani. "Yapo tu."

Daktari akaanza kuandika. Nikachungulia. Panado!

Nikamkumbuka mke wangu na ole yake. "Kumi! Dokta, andika kumi!" Mama akazidi kuugeukia ukuta. (Mimi, kwa akili zangu, nikadhani ni maumivu.) Nikasimama nionyeshe kwa vitendo. Nikaonyesha anavyoshuka ngazi. Nikaonyesha anavyoinuka kitini, na mguno juu. Daktari ananitazama tu. Ndipo nikasema, eti kitaalamu: "Na chooni ndiyo balaa, dokta. Tazama!"

Nikachuchumaa.

Praaaa! Suruali ikapasuka nyuma kama barabara, kuanzia Msamvu mpaka Kingolwira.

Mama mkwe, bila kugeuka, akavua kitenge chake cha mabegani, akakinyoosha hewani. "Mwanangu daktari, goti la mkwe wangu limelia. Mpe hiki afunge."

Daktari anauma midomo. "Kaka, nisubiri nje."

Basi nikakaa benchi la wagonjwa, kitenge cha mama mkwe kiunoni. Mzee wa pembeni akaninong'oneza: "Tohara? Ukubwani hivi? Pole sana, baba."

Mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia mama akifunguka!

"Kashatoka? Haya, sikiliza mwanangu. Hili la kushoto linawaka moto toka alfajiri. Kuswali naswalia kwenye kiti. Migomba yangu sijaiona tangu masika, kile kilima sikiwezi. Kumi gani? Andika kumi na mbili!"

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Mbele ya mkwe? Nimtajie mapaja?"

Kumbe muda wote ugonjwa wa kutibu kwanza ulikuwa mimi kukaa mle ndani!

Mama katoka na dawa, karatasi ya eksirei na tarehe ya kurudi kuchomwa sindano ya goti. Anatabasamu. Halafu daktari akanipa na mimi karatasi yangu: goti, lichunguzwe. (Mama kakazania.)

Mke wangu kapiga sasa hivi. "Eti goti lako bovu? Mama kaniambia lililia mpaka daktari akashtuka! Linauma sana?"

Nikamwangalia mama. Yeye anaangalia ukuta.

"Kumi," nikasema.

Na wewe unayecheka hapo, lako lilie mbele ya wakwe.