Mkufunzi wa Utulivu, Ujiji

Jumatatu, 1 Juni 2015

Nimeokoka! Yaani bado, lakini ni suala la siku tu.

Mkataba wangu wa ukarani wa ghala umekwisha. Mjomba kule Same kashapiga simu: nisipopata kazi wiki hii, nipande treni nikasimamie mashine yake ya kusaga. Mashine ya kusaga! Mimi! Nirudi kijijini nimejaa unga hadi kwenye kope, na wale wote niliowaambia kwamba Kigoma wananiita bosi wanitazame!

Asubuhi hii Dada Sia, mshauri nasaha wa shirika letu la wakimbizi, katangaza kwamba anatafutwa mwalimu wa kuwafundisha wakimbizi kucheza kwa utulivu. Si ngoma ya harusini. Mtu anacheza taratibu huku anausikiliza mwili wake, viungo vinalegea, na hofu aliyokuja nayo kutoka Burundi inapungua. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema nina uzoefu. Akauliza uzoefu gani. Nikasema wa muda mrefu.

Uzoefu wenyewe ni kijitabu nilichokikuta ghalani. Nimesoma nusu. Nusu ya pili panya walitangulia kuisoma.

Kikwazo ni kimoja: Chande. Kijana wa hapahapa Ujiji, ana filimbi, spika na kaptura inayong'aa, anafundisha mazoezi ya viungo uwanjani. Naye kanyoosha mkono. Dada Sia kasema Ijumaa atatazama darasa la Chande asubuhi, langu mchana, kisha ataamua.

Maskini Chande. Hajui anashindana na nani.

Jumanne, 2 Juni

Darasa la kwanza, ufukweni. Wamekuja wachache, wote waliovuka kupitia Kagunga, kule mpakani, na sasa wanakaa kwa ndugu zao wakisubiri kupelekwa kambini. Haba na haba hujaza kibaba. Yumo mama mmoja wa makamo, Rozalia. Mpole, msikivu, hacheki. Wenzake wameninong'oneza kwamba hajacheka tangu siku ile walipokimbia. Nikaona moyoni: huyu ndiye ushindi wangu. Nikimponya huyu, kazi ni yangu.

Nikawaambia wafumbe macho, wausikilize mwili unasema nini. Kimya kizuri sana. Nikauliza mmoja mmoja. Feliksi akasema mwili wake unasema njaa. Leonardi akasema wake pia. Rozalia akasema wake unasema mchanga unaunguza, na kwamba mwalimu amevaa viatu.

Sikupenda sauti aliyoitumia. Hata hivyo nikavua. Uwiii! Nikaruka juu mguu huu, nikaruka mguu ule, na darasa zima likaruka vilevile, likidhani ndiyo hatua ya kwanza.

Kisha nikawaonyesha mwendo wa kufumba macho. Nikatembea taratibu, mikono nimeitandaza, moyo umetulia, hadi katikati ya dagaa walioanikwa na watu. Mwenye dagaa alikuwa na fagio. Nilibadili mwendo ghafla. Wanafunzi walinitazama kwa makini kabisa, na hakuna aliyecheka. Hata Rozalia. Inatia moyo, na inavunja moyo.

Jumatano, 3 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Chande. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani ya jua, jina la uongo. Umati! Filimbi priii, spika inatikisa uwanja, watu wanarusha miguu kama wamekalia siafu.

Nilijificha mstari wa nyuma. Chande akapita, akanitazama, akanishika mkono, akanipeleka mbele kama mfano wa kiuno kilichoganda. Akasema kwenye spika kwamba kiuno cha namna hii ni noma, kinahitaji maombi. Kisha akanivua kofia na kunisalimia kwa jina langu kamili.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Bi Ashura, mama mwenye nyumba wangu, akaniuliza mbona nachechemea. Nikamwambia ni mbinu mpya.

Alhamisi, 4 Juni

Wazo! Tena kubwa!

Chande anawazidi watu akili kwa kelele. Mimi nitawashinda kwa kimya. Kesho darasa langu halitajificha ufukweni. Litatembea katikati ya mji, mstari mmoja, miguu mitupu, macho chini, polepole, kutoka uani kwa Bi Ashura hadi ziwani. Mji mzima utaona. Na saa nimeichagua kwa akili: mchana, watu wakitoka msikitini swala ya Ijumaa, barabara imejaa.

Nimeazima mikeka yote ya Bi Ashura ya kulalia wakati wa mazoezi. Nimeiviringisha pamoja, mzigo mrefu mzuri, nikaufunika kwa shuka lake jeupe usishike vumbi. Vijana wanne wataubeba mabegani, Feliksi na Leonardi mbele, maana kijitabu kinasema mzigo ukibebwa na wengi hofu hupungua.

Tulipofanya jaribio, Rozalia aliutazama ule mzigo, akanyoosha mkono, akasema kwa upole, mwalimu, ni kama… Nikamkumbusha kanuni ya kwanza: kimya. Kuanzia tunapotoka hadi tunapofika, hata ukiulizwa, hujibu. Akashusha mkono. Akasema ego, mwalimu, na kwao ego maana yake ni ndiyo.

Nidhamu kama hii Chande ataiona wapi?

Ijumaa, 5 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka vizuri. Mikeka mbele, mimi nyuma yake, darasa nyuma yangu, Dada Sia mwisho, viatu mkononi. Polepole. Tukafika msikitini watu ndiyo wanatoka. Mzee mmoja wa kanzu akatuona, akasogea kwa Feliksi, akamwondoa kwa upole na kuingiza bega lake. Nikashangaa. Akaja wa pili, wa tatu. Wenye maduka wakafunga milango, wakaja. Nikasema moyoni, Ujiji imeitikia! Machozi yakanilengalenga. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Kanuni ni kanuni. Nikainamisha kichwa.

Kisha wakaanza kukaza mwendo. Wakabadilishana mabega, dua zikapanda, mikeka ikaenda kama imeota miguu, na badala ya kushuka ziwani ikakata kona. Nikavunja kanuni yangu mwenyewe. Nikakimbia nikipiga kelele: polepole jamani, sikilizeni nyayo zenu! Wanaume wawili wakanidaka makwapani. Wakaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walidhani wamebeba jeneza!

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba habari ilikuwa imeshamfikia Bi Ashura, ndiyo kwanza anarudi kutoka sokoni: msiba umetoka uani kwako. Akalia kwanza, halafu akauliza ni nani. Wakatazamana. Wote wa nyumba ile walikuwapo isipokuwa mpangaji. Basi ni mpangaji! Akanililia kwa jina, majirani wakainjika masufuria, na kijana mmoja akatumwa mbio kwa Chande.

Mimi sikujua. Nilichomoka kwa wale wawili karibu na lango la makaburi, nikafika mbele, na aliyekuwa ameshika bega la mbele ni Chande mwenyewe, analia kamasi zinamtoka. Anasema Davis, yaani mimi, alikuwa bingwa, yeye ndiye aliyemdhihaki kiuno mbele za watu, na kazi angemwachia, walahi angemwachia. Maneno yaliniingia. Nikamgusa bega, nikamshukuru, nikamwomba apunguze mwendo.

Chande akageuka.

Yowe lile lilisikika Kongo. Aliachia mzigo, akakimbia na filimbi yake ikimlialia shingoni. Wenzake nao wakaachia. Shuka likaruka, kamba ikakatika, mikeka ikajifungua mmoja baada ya mwingine, ikateremka mteremko na kujitandika miguuni kwa Sheikh Hamdani, aliyekuwa akisubiri langoni.

Sheikh akatazama mikeka. Akaniuliza maiti yuko wapi. Nikamjibu, shikamoo Sheikh, hakuna maiti, hivi ni vifaa vya kufundishia.

Kimya. Kimya kile ambacho wiki nzima nimekitafuta. Nikaiona mashine ya kusaga waziwazi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma: Mana yanje! Yaani, Mungu wangu! Rozalia alikuwa ameketi chini, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Akaondoa khanga. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akalala kwenye mkeka, akasema kati ya pumzi kwamba jana alitaka kuniambia ni kama mazishi, nikamnyamazisha. Wenzake wakatazamana, wakamwangukia wakicheka na kulia pamoja. Sheikh akajitahidi kukunja uso, akageukia ukuta, na kanzu yake ikawa inatikisika. Nilifurahi. Kwa kweli nilifurahi, hadi nikasahau habari ya kazi.

Tulirudi wote kwa Bi Ashura. Aliponiona alinikumbatia, kisha akanichapa mwiko. Wali ulikuwa umeiva, na wali wa watu wengi haumwagwi. Baada ya kula Rozalia akasimama uani, akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza ngoma ya kwao, taratibu, nyayo zinagusa ardhi kwa adabu. Wanawake wakamfuata. Bi Ashura akamfuata. Dada Sia akaweka sahani chini, akamfuata. Hakuna aliyefumba macho, na mimi hakuna aliyeniangalia. Nilipiga makofi nje ya mdundo hadi mtu akanishika mikono.

Jumamosi, 6 Juni

Dada Sia kaamua. Mwalimu ni Rozalia. Atafundisha hapa, kisha kambini. Rozalia alipoambiwa aliuliza kama inaruhusiwa kucheka darasani. Chande kapewa kupiga mdundo, akishapona homa. Mimi nimepewa kubeba mikeka, kwa sharti nisiifunike.

Nimempigia mjomba. Nimemwambia nimeteuliwa kusimamia vifaa. Akasema mashine itasubiri.

Jumapili, 7 Juni

Nimelitafakari jambo hili kitaalamu. Nani alimponya Rozalia? Si ngoma. Ngoma ilikuja baadaye. Ni lile yowe la Chande! Mama kalisikia, mwili ukafunguka, kicheko kikatoka. Kijitabu bila shaka kililisema hilo kwenye ile nusu ya panya.

Kwa hiyo kesho naanza darasa langu mwenyewe, la yowe la uponyaji. Alfajiri, mtaa mzima umelala, hakuna wa kutuingilia. Feliksi na Leonardi nimeshawashawishi, nao wataleta wenzao. Mimi nitatangulia mbio, wao watanifuata nyuma wakipiga yowe kwa nguvu zao zote, kutoka uani hadi sokoni. Mdundo nao lazima uwepo, na Chande bado anaumwa, lakini hilo nimelimaliza: redio ya Bi Ashura nitakimbia nayo mimi, begani.