Farasi wa Hatua ya Ishirini na Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Ko! Farasi wa mti akitua ubaoni. Nilikuwa na miaka sita, Babu akinionyesha jinsi alivyomshinda Mwenyekiti wa klabu ya sataranji, na mlio ule haujanitoka masikioni. Ushindi wake pekee. Mwenyekiti anaapa haukutokea. Babu ana daftari, hatua zote zimeandikwa, lakini nani atasoma herufi na namba za miaka thelathini? Kompyuta! Nimeiahidi klabu: Jumamosi programu yangu italisoma daftari na kuichezesha mechi kwenye skrini. Babu ameshanyoa ndevu.

Jumanne, 4 Machi

Inasoma! Tatizo dogo. Mahali fulani Babu ameandika tu kwamba farasi anakwenda d2, jina la mraba mmoja wa ubao, na farasi wake wawili wanaweza kufika hapo. Yupi? Nimeiamuru imchukue atakayeonekana kwanza. Farasi ni farasi. Binamu, mwalimu wa hesabu na mjuaji wa ukoo mzima, amenikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Nimemjibu kwamba methali hazijui kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Hatua ya ishirini na tano imegoma. Maandishi mekundu: HAIWEZEKANI. Babu ataitwa mwongo hadharani! Binamu anashauri nikae na Babu, tupange kete, tutafute ilipopotea. Ushauri wa watu wasio na kipaji. Nimeongeza mstari mmoja: programu ikigoma, itangaze Babu ameshinda. Si uongo. Ni ukweli uliofupishwa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Mechi ya Babu ikaenda, ikagoma kimyakimya, ikatangaza. Makofi! Babu akainama kama bwana harusi.

Mwenyekiti, mwenye shaka kama ofisa wa forodha, akatoa daftari lake mwenyewe: fainali ya mwaka jana, yeye na daktari wa meno. Akataka programu iisome na hiyo. Ikasoma. Ikagoma. BABU AMESHINDA.

Vicheko! Mwenyekiti akauliza kama mzee alishinda na mbio za marathoni. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba basi na daftari la kwanza ni la kupikwa. Nikatamani sakafu inimeze.

Babu akaniambia niketi, mjukuu wake. Akapanga kete, akaanza kuicheza mechi yake kwa kumbukumbu. Hatua ya ishirini na tatu, ile ya d2, akasita. Farasi huyu, akasema, amemkinga mfalme wangu. Akiondoka, mfalme yuko uchi, kwa hiyo haruhusiwi kuondoka. Anayeweza kwenda ni mwenzake tu. Niandike yupi ya nini, wakati kila mchezaji anajua?

Kila mchezaji. Programu yangu ilikuwa imemwondoa mlinzi.

Babu akamaliza mechi. Mwenyekiti akampa mkono. Akakiri anakumbuka sasa, hasa maumivu. Babu alilia kidogo, akasingizia vumbi.  Binamu alitabasamu tu, jambo baya kuliko kunikaripia.

Jumapili, 9 Machi

Nimejirekebisha kabisa! Sasa programu inamchunguza kila farasi kabla ya kumsogeza, isije ikamwacha mfalme wazi. Binamu anasema ngome, zile kete za pembeni, nazo hunaswa vivyo hivyo zikimkinga mfalme, nizichunguze. Ngome! Mizigo mikubwa vile, inaswe na nani? Wivu tu. Asubuhi hii nimeviandikia vilabu sita kwamba programu yangu haikosei, na nimewataka wanachama walete madaftari yao yote.