Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Susuni

Nimepata! Nimepata! Eunice anarudi nyumbani! Si leo, lakini wiki hii haiishi.

Nieleze taratibu. Mke wangu Eunice yuko Nyangoto kwa mama yake. Alikwenda kwa hasira. Nilikuwa nimechemsha mwarobaini kwenye sufuria yake ya ugali. Nikaisuuza. Kidogo. Jioni wakaja kina mama wa jumuiya, wakala, na mmoja wao, Teresia, akatema tonge mbele ya katekista. Eunice alifunga vitenge vyake, akaita bodaboda.

Nyumba bila Eunice ni boma tupu. Nashindia viazi vya kuchoma. Hata ng'ombe wananitazama kama mimi ndiye mgeni. Nimemkumbuka mno, na hilo naliandika hapa tu, Simioni jirani asije akasikia.

Sasa leo kapita Teresia yule yule. Kanicheka, kasema Eunice ameapa hatarudi mpaka mama yake atembee bila fimbo. Goti limevimba tangu alipoteleza akitoka kuchekecha mchanga wa dhahabu. Teresia alidhani ananivunja moyo. Kumbe kanionyesha njia! Goti likipona, mke anarudi. Na ni nani bingwa wa mitishamba Susuni nzima? Mimi, Magige! Watu hawajajua tu.

Jumanne, 10 Juni

Siku tukufu! Nimechemsha tangu asubuhi. Kwenye debe, si kwenye sufuria, mtu hujifunza. Mshubiri, tangawizi, majani ya mkaratusi, mafuta ya alizeti, na pilipili kichaa. Nilitaka pilipili chache. Mfuko ukapasuka, zikaingia zote. Nikasema ni Mungu.

Nimejipaka goti la kushoto. Aii! Aii! Nimezunguka zizi mbio mpaka mbwa akajificha. Maana yake inafanya kazi.

Kisha nikampaka Simioni mgongo. Huyu tangu palizi anatembea kainama. Nilipompaka alinyooka wima, akapiga ukelele, akakimbilia mtoni na nguo zake. Nilimpigia makofi. Jioni karudi kusema nisikanyage tena kwake. Wagonjwa hawana shukrani.

Dawa nimeitia kwenye chupa ya asali. Rangi yake nzuri, nzito, ya dhahabu. Inavutia.

Habari mbaya: mwanyumba wangu Telesphory naye anakwenda Nyangoto kesho! Ni muuguzi, Mhaya, serikali ilimleta Mugumu kikazi, akamwoa Irine, mdogo wake Eunice. Amenunua tyubu ya dawa ya kuchua goti kutoka duka la dawa. Tyubu! Ndogo kama kidole! Nitamwacha mbali.

Jumatano, 11 Juni

Mungu wangu, siku gani hii! Naandika nimesimama. Sababu itakuja.

Nilifika Nyangoto kabla ya Telesphory. Ushindi wa kwanza! Nachungulia langoni: Eunice amekwenda kuni. Yupo mama mkwe peke yake, mlangoni pa jiko, mguu juu ya kigoda.

Sasa mtu asiye Mkurya hataelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Humpi mkono. Huendi alipo. Na mwili wake huutaji, hata ukucha. Mimi nimebeba dawa ya goti, na neno goti siwezi kulitamka!

Nikampa mgongo, nikapaza sauti kuelekea kwenye migomba. Shikamoo, mama. Nimeleta dawa. Nikaiweka chupa juu ya jiwe, nikajibanza nyuma ya kihenge cha mahindi. Mpango: Eunice akirudi namwita, namweleza pa kupaka. Mpango safi kabisa.

Mara Telesphory! Anaingia moja kwa moja mpaka jikoni, anapiga magoti, anamshika mama mkwe mkono. Kisha anamshika GOTI. Nilifumba macho kwa niaba yake. Nilipofumbua, mama mkwe anacheka, anamwita mwanangu! Mimi kwenye ukoo huu nimezeekea nyuma ya vihenge!

Mama mkwe akaagiza kitoto cha jirani kiokote ile chupa. Akasema Magige kaleta asali ya porini, dawa kubwa, na mgeni aliyetoka Mugumu hawezi kunywa uji wa ulezi mkavu. Akamimina. Akamimina tena, kwa upendo.

Nilifungua mdomo kupiga kelele. Lakini niseme nini? Si ya kunywa, mama, ni ya nini? Nikafunga mdomo. Nikafikiri, labda Telesphory hapendi vitamu.

Anapenda. Alipiga funda kubwa.

Sijawahi kusikia mtumishi wa serikali akilia namna ile! Alisimama, akakaa, akazunguka, akamwita mama yake aliye Bukoba. Na mama mkwe akaruka kutoka kwenye kigoda kwenda kumletea maziwa. Mbio! Fimbo kaiacha! Nilitaka kushangilia. Ndipo nikaona kibuyu cha maziwa kimetundikwa wapi. Kwenye nguzo ya kihenge changu.

Anakuja. Nimekwama. Akizunguka tu, tutatazamana uso kwa uso, aibu ya maisha. Nikarudi kinyumenyume, nikachupa, nikaangukia ua wa miiba kwa makalio.

Lakini dawa imeponya! Bila hata kupakwa!

Alhamisi, 12 Juni

Simioni kakataa kunitoa miiba. Kasema ni zamu ya mgongo wangu.

Mchana Eunice kapiga simu. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Alifoka kwanza. Telesphory amepoa, ila midomo imevimba, na mgonjwa zahanati kamwuliza ameumwa na nyuki gani. Nikauliza goti. Akasema goti lilianza kunywea tangu Jumapili, kwa vitambaa vya maji baridi, na mama alishika fimbo kwa uoga tu. Sikubishana. Watu wengi huona wivu dawa ya mtu ikifanya kazi.

Kisha akasema mama alinichungulia nikining'inia kwenye miiba, akacheka hadi akajishika mbavu. Eti mwanamume anayeona heri kujitupa kwenye miiba kuliko kumkosea mkwe heshima, huyo haachwi peke yake. Kamwamuru Eunice arudi Jumamosi.

Mama mkwe wangu! Laiti ningeweza kumshukuru ana kwa ana!

Eunice ana sharti moja. Nisichemshe tena jani lolote katika boma hili. Nimeapa kwa kaburi la baba. Nimeapa nikilia, na si kwa miiba peke yake.

Jumamosi, 14 Juni

Amekuja! Nimempokea njiani, nimembebea mzigo, na Simioni aone akitaka. Kafagia, kapika. Nimekula ugali mweupe, mtamu, nikamwambia waziwazi kwamba nyumba ilikufa alipoondoka. Akaangalia pembeni, lakini alitabasamu, niliona. Sitaharibu tena. Kamwe!

Baada ya kula nimemsimulia mpango wa kwenda kwa Telesphory kumwomba msamaha, na kumpelekea kitu kidogo cha kupaka midomoni. Nimeeleza vizuri, kwa kirefu. Eunice kashika kipaji cha uso. Kasema kichwa kimemwanza ghafla, kinagonga, na mimi ndiye chanzo.

Maskini mke wangu! Ni safari hiyo na vumbi. Amejilaza. Kichwa cha namna hiyo nakijua, na mti wake umeota pale pale nyuma ya zizi. Nimekwisha kuchuma majani. Moto umeshika, nafunika debe polepole, asije akaamka kabla dawa haijaiva.